Saratani kwa wanawake vijana na hofu ya mionzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Binti wa miaka ishirini na kitu akiugua saratani, mtaa mzima hutafuta sababu, na siku hizi sababu ya kwanza kutajwa ni mionzi: ule mnara, ile simu anayolala nayo, zile picha alizopigwa hospitali. Mionzi si hadithi. Titi na tezi ya shingo ya msichana ni miongoni mwa viungo vinavyodhurika nayo kwa urahisi kabisa. Lakini mionzi inayotisha watu mitaani si ile inayodhuru, na hofu hiyo imewafanya wanawake kukimbia matibabu ambayo yangewaokoa. Ndiyo maana tumejibu maswali haya kwa urefu pale inapobidi.

Je, ni kweli wanawake vijana wanaugua saratani kuliko zamani?

Kwa saratani ya titi, nchi zenye rekodi za miaka mingi zinaonyesha ongezeko la kweli. Marekani, kati ya 2012 na 2021, saratani ya titi kwa wanawake walio chini ya miaka 50 ilipanda kwa wastani wa asilimia 1.4 kila mwaka. Ukijumlisha saratani zote, mwaka 2021 kiwango cha wanawake wa rika hilo kilikuwa juu ya kile cha wanaume wenzao kwa asilimia 82. Watafiti wanataja kuvunja ungo mapema, kuzaa kwa kuchelewa au kuzaa watoto wachache, uzito wa mwili na pombe.

Huku kwetu hesabu inahitaji uangalifu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba watu watatu kati ya wanne walikuwa chini ya miaka 35. Katika nchi ya vijana, wagonjwa vijana watakuwa wengi hata kama hatari ya kila mmoja wao haijabadilika. Kwa hiyo daktari anaposema wagonjwa wake wa saratani ya titi ni wadogo kuliko wale wa Ulaya, anasema kweli kuhusu watu walio kwenye benchi lake. Hilo peke yake halithibitishi kwamba kuna kitu kipya kinachowashambulia.

Jambo la pili ni kwamba zamani wengi walikufa bila ugonjwa kupewa jina. Ilisemwa ni jipu, au mtu karogwa, au tumbo la uzazi limeharibika. Leo nyama ya uvimbe inakatwa na kupelekwa maabara, na jibu linarudi limeandikwa. Hata hivyo tusijifariji kupita kiasi: maisha ya mjini ya kukaa muda mrefu, vyakula vya mafuta na pombe kila wikendi yameingia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na hayo yanaongeza hatari ya saratani ya titi.

Katika saratani zote, mionzi inabeba lawama kiasi gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hesabu ya Uingereza kwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba mionzi mikali ya kila aina (ile ya eksirei na urani, si ya simu), ukiweka pamoja gesi ya redoni inayotoka ardhini na vipimo vya hospitali, ilihusika na asilimia 1.9 hivi ya saratani. Tumbaku ilihusika na asilimia 15.

Kwa mwanamke wa Afrika Mashariki, adui wa kwanza ni kirusi. Makadirio ya 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya shingo ya kizazi kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Karibu wote ugonjwa wao ulianzia kwenye virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mnara wa simu hauna mkono katika vifo hivyo.

Kwani mionzi ya simu na ya eksirei si mionzi ile ile?

Hapana, na hapa ndipo mkanganyiko wote ulipo. Mionzi ya eksirei, ya madini ya urani au ya kobalti ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ikipita mwilini inaweza kukata uzi wa DNA, ule unaobeba maelekezo ya kurithi ndani ya seli. Mara nyingi seli hujirekebisha au hufa. Mara chache hujirekebisha vibaya, ikaendelea kuishi na kosa hilo, na miaka kumi au ishirini baadaye kosa hilo likawa sehemu ya safari ya kuelekea saratani.

Mawimbi ya simu, redio, televisheni na Wi-Fi hayana nguvu hiyo. Hata mwanga wa taa ya sebuleni, ukipima chembe kwa chembe, una nguvu kubwa kuliko mawimbi ya simu. Ukiongeza minara hamsini, huongezi nguvu ya kila chembe ya mawimbi. Unaongeza joto tu, na viwango vya kimataifa vimewekwa ili joto hilo lisifike mahali pa kudhuru.

Wamejenga mnara nyuma ya nyumba yetu na nina mabinti wawili. Nihame?

Kwa sababu ya saratani, hapana. Antena hurusha mawimbi kuelekea mbali, si kuyamwaga chini miguuni pa mnara, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyosogea. Vipimo vinavyochukuliwa kwenye makazi ya watu kwa kawaida hukuta kiwango kilicho chini ya asilimia moja ya kikomo kinachoruhusiwa. Tena mnara ukiwa mbali, simu iliyo mkononi hulazimika kutumia nguvu zaidi kuufikia, na hiyo ndiyo iliyo karibu na mwili wako.

Mna haki ya kuomba vipimo. Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mawimbi ya minara, na serikali ya mtaa inaweza kuandika barua kwa niaba yenu. Ila mkienda kulalamika, msisahau jenereta inayoendesha mnara. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile ambavyo ushahidi wake umekamilika. Jenereta inayonguruma usiku kucha chini ya dirisha la watoto ni shauri zito zaidi kuliko antena iliyo juu yake, na hilo sijaona wakazi wakiliandamania.

Naweka simu kwenye sidiria tangu nikiwa sekondari. Nimejiletea saratani ya titi?

Hakuna utafiti uliothibitisha hivyo. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanawake vijana wanne waliougua saratani ya titi upande waliokuwa wakiweka simu, na habari hiyo imesambaa mpaka leo kwenye makundi ya WhatsApp. Wagonjwa wanne hawatoshi kuthibitisha chanzo. Wanawake mamilioni huweka simu hapo, na baadhi yao wangeugua kwa vyovyote vile.

Kuhusu ubongo, ambao ndio uliochunguzwa zaidi, Uingereza iliwafuatilia wanawake wapatao 776,000 kwa miaka mingi. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha uvimbe wa ubongo zaidi kwa waliotumia simu kuliko wasiotumia. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa 2024 yalifikia jibu hilo hilo.

Ukipenda kuhamishia simu kwenye mkoba, hamishia, hata kwa sababu ya betri kupata moto. Kilicho muhimu ni kwamba uvimbe ukitokea upande huo, usikae ukijilaumu kwa ajili ya simu. Nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo.

Lakini IARC yenyewe ilisema simu "huenda" ikasababisha saratani. Mbona mnapinga?

Hatupingi, tunasoma kundi lenyewe. Mei 2011 mawimbi ya redio yaliwekwa kundi la 2B, ambalo maana yake ni kwamba kulikuwa na dalili chache zisizotosha. Katika kundi hilo hilo mmo dondoo la jani zima la mshubiri. Makundi ya IARC yanapanga uzito wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Pombe imo kundi la kwanza kwa miaka mingi, na inaongeza hatari ya saratani ya titi hata kwa wanaokunywa kidogo, lakini ujumbe huo sijawahi kutumiwa na mtu kwenye kundi la familia.

Tunajuaje basi kwamba mionzi mikali inawaumiza wasichana zaidi?

Tumejifunza kutoka kwa wasichana walioumizwa, na historia yao inastahili kusimuliwa taratibu.

Kuanzia 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi ing'aayo gizani. Rangi hiyo ilikuwa na radiamu, metali inayotoa mionzi mikali. Walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo ili mstari utoke mwembamba, na kila walipoichongoa walimeza kidogo. Mwili huichukua radiamu kama vile kalisi, madini ya mifupa na meno, ukaipeleka kwenye mifupa. Meno yalianza kung'oka, taya zikaoza, wengine wakapata saratani za mifupa. Kampuni iliwakana kwa miaka. Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki, na 1928 wakalipwa kwa makubaliano. Yeye alifariki 1933. Kanuni nyingi zinazomlinda leo mfanyakazi wa mionzi zina deni kwa wasichana hao.

Halafu mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, Japani, Agosti 1945. Tangu 1950, watu wapatao 120,000 wa miji hiyo wamekuwa wakifuatiliwa kiafya maisha yao yote. Waliojitokeza kuwa na ongezeko kubwa la saratani ya titi ni wale waliopigwa na mionzi wakiwa bado watoto au wasichana, na ugonjwa wao haukutokea mara moja bali walipofika umri wa wanawake wengine kuugua. Titi linalokua lina seli zinazogawanyika kwa wingi, na seli inayogawanyika haina muda wa kujirekebisha vizuri.

Somo la tatu linatoka hospitalini kwenyewe. Kabla ya dawa za kifua kikuu kuenea, wagonjwa wa Massachusetts na Kanada walitibiwa kwa kujazwa hewa kifuani ili pafu moja lilale na kupumzika, na kila mara walipojazwa hewa walichunguzwa kwa mashine ya eksirei ya kutazama moja kwa moja. Wengine walirudiwa hivyo mara nyingi mno. Wanawake hao, wengi wao vijana, waliugua saratani ya titi kuliko wenzao. Kila kipimo kilikuwa kidogo, ila vilirundikana. Ndiyo maana leo daktari mwangalifu hukuuliza umepigwa picha ngapi na lini.

Na saratani ya tezi ya shingo? Nasikia ni ya Chernobyl.

Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986 na kumwaga hewani iodini-131, yaani iodini yenye mionzi. Iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, hunyonya iodini kwa pupa, hasa kwa mtoto asiyepata iodini ya kutosha kwenye chakula. Kati ya 1991 na 2015, kwa waliokuwa chini ya miaka 18 wakati wa ajali huko Belarusi, Ukraine na sehemu za Urusi zilizoathirika, ziliandikishwa saratani za thairoidi zipatazo 19,000. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inakadiria kwamba, kwa waliokuwa kwenye maeneo yaliyochafuliwa, robo ya saratani hizo ilitokana na mionzi hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na umri kusonga na upimaji kuongezeka.

Nguvu ya upimaji utaiona vizuri Korea Kusini, ambako hakuna mtambo uliolipuka. Watu wenye afya walianza kupimwa shingo kwa altrasaundi, na kufikia 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa imeandikishwa mara 15 ya ile ya 1993. Vifo havikubadilika. Maelfu, wengi wao wanawake, walikatwa tezi kwa vivimbe ambavyo visingewaua. Kwa hiyo ukiwa huna dalili wala historia ya ugonjwa katika ukoo, hakuna sababu ya kwenda kupima shingo kwa sababu tu kituo kimetangaza punguzo.

Nimepigwa eksirei ya kifua mara kadhaa na CT ya tumbo mara moja. Nimezidisha?

Ardhi, anga na chakula vinatupa mionzi ya asili ya wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka (milisivati ni kizio cha mionzi inayoingia mwilini). Eksirei moja ya kifua ni kati ya 0.02 na 0.1, yaani sawa na siku chache hadi wiki mbili za kuishi tu. Eksirei ya jino ni ndogo zaidi. CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ni habari nyingine: milisivati 8 hadi 10, sawa na miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili.

Wakala wa chakula na dawa wa Marekani hukadiria kwamba milisivati 10 huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa mtu mmoja kati ya 2,000. Katika watu hao 2,000, wapatao 400 wangekufa kwa saratani kwa sababu nyingine zote. Kwa msichana hatari ni kubwa kidogo kuliko kwa mzee wa miaka sitini. Ikiwa CT hiyo ilitafuta kidole tumbo kilichopasuka au damu baada ya ajali ya bodaboda, ilikuwa na thamani mara elfu. Ikiwa ni kichwa kinachouma kwa siku mbili na kipimo umekiomba mwenyewe, uliza kwanza.

Swali la kuuliza, kwa heshima na bila woga, ni hili: "Daktari, jibu la kipimo hiki litabadilisha matibabu yangu? Altrasaundi au MRI haitatosha?" Vipimo hivyo viwili, cha mawimbi ya sauti na cha sumaku, havitumii mionzi mikali kabisa. Na ukihama hospitali, beba picha zako. Sehemu kubwa ya mionzi ya bure wanayopata wagonjwa wetu inatokana na kurudia kipimo kile kile kwa kuwa picha ya kwanza imebaki kwenye kabati la nyumbani.

Kuhusu lile joho zito la madini ya risasi ambalo mgonjwa huvalishwa ili kumkinga na eksirei: tangu 2019 wanafizikia wa tiba wa Marekani wameshauri lisitumike kama desturi kufunika nyonga, maana mara nyingine huziba sehemu inayotakiwa na picha ikarudiwa. Usipovalishwa, usichukulie moja kwa moja kuwa umedharauliwa.

Nilipigwa eksirei, baadaye nikagundua nilikuwa na mimba. Nitoe?

Usitoe kwa sababu hiyo. Eksirei ya kifua, mkono au mguu humfikishia mtoto mionzi isiyofika hata sehemu moja ya mia ya miligrei, kizio cha mionzi inayonyonywa na mwili. Madhara ya kuharibika kwa mimba au ulemavu hayajaonekana chini ya miligrei 50, na hata CT ya tumbo kwa kawaida haifiki hapo. Hatari ndogo ya saratani ya utotoni ipo, na aliyeigundua ni daktari Alice Stewart wa Oxford mwaka 1956, kwa kuwauliza akina mama maswali ambayo wenzake hawakufikiria kuuliza. Tangu hapo wajawazito wakaanza kulindwa. Mweleze mkunga tarehe na aina ya kipimo, basi. Na siku nyingine sema mapema kwamba hedhi imechelewa, kabla hujapanda kitandani.

Nina miaka 27 na nimepata uvimbe kwenye titi. Nikapige mamografia?

Anza na altrasaundi. Titi la kijana limejaa tezi, na kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, uvimbe hujificha. Vivimbe vingi katika umri huo si saratani, ni vile vigumu vinavyotelezateleza chini ya kidole. Ila usiache vikathibitishwa kwa kubonyezwa tu. Uvimbe unaobaki unatakiwa kuonekana kwa picha na, ikibidi, kuchomwa sindano na kupelekwa maabara. Wanawake vijana hucheleweshwa mara nyingi kwa maneno "wewe bado mdogo, nenda ukanyonyeshe itaisha". Ukiambiwa hivyo na uvimbe haujaondoka baada ya hedhi inayofuata, nenda kwingine.

Nimeambiwa nina saratani na natakiwa kuchomwa mionzi. Si itaniletea saratani nyingine?

Hili ndilo swali linalotuumiza kuliko yote, kwa sababu kuna wanaosikia neno mionzi, wanarudi kijijini, na wanaporudi hospitali kansa imeshafika kwenye kibofu.

Mionzi ya tiba hupimwa, huelekezwa na hugawanywa siku kwa siku ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha na seli za saratani zife. Kwa saratani ya titi, baada ya kutolewa uvimbe bila kukatwa titi lote, tafiti zilizojumlishwa na kuchapishwa 2011 zilionyesha kwamba mionzi ilipunguza kurudi kwa ugonjwa ndani ya miaka kumi kutoka asilimia 35 hadi 19. Kwa shingo ya kizazi iliyofika hatua ambayo upasuaji hauwezi, mionzi pamoja na dawa ndiyo tiba inayoponya. Hakuna mbadala wa mitishamba unaolingana nayo.

Hatari ya saratani ya pili ipo. Inajulikana zaidi kwa wasichana waliotibiwa kifuani kwa saratani ya mitoki kabla ya miaka 30, ambao hushauriwa kuanza kuchunguzwa matiti kila mwaka mapema, kuanzia miaka 25 au miaka 8 baada ya tiba. Kwa hiyo kama ulitibiwa hivyo utotoni, mwambie daktari wako wa sasa. Huenda hajui.

Mambo ambayo ungependa kuambiwa mapema: mionzi ya nyonga huzima ovari, hedhi hukoma na uzazi nao. Uliza kabla ya kuanza, hata kama aibu inakubana, hata kama mume au mama mkwe yupo chumbani. Uke unaweza kukaza baadaye, na kuna vifaa na mazoezi ya kuzuia hilo. Ngozi hubadilika rangi, kuhara hutokea, uchovu ni mwingi. Mengi hupungua baada ya wiki chache.

Mionzi ya mashine ya nje haikufanyi uwe na mionzi. Ukitoka chumbani, beba mtoto wako, kula na wenzako, lala kitandani kwako. Hata ile inayowekwa ndani ya uke huondolewa, na ukiinuka huna kitu. Anayetakiwa kujitenga kwa siku kadhaa ni aliyemeza iodini ya mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, na hospitali itampa maelekezo.

Tungependa hasira ya watu ielekee kwenye uhaba wa tiba hii. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila nyingine. Rwanda ilianza kutoa tiba hii nyumbani 2019. Tanzania kwa miaka mingi ilitegemea Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na mama wa Kigoma alisafiri siku nzima na zaidi kuifikia, kabla hospitali ya Bugando, Mwanza, haijaanza kuhudumia Kanda ya Ziwa.

Tunaishi karibu na urani. Vipi sisi?

Wasiwasi wenu una msingi kuliko wa mnara. Namtumbo, mkoani Ruvuma, ipo urani ya Mto Mkuju. Katanga, nchini Kongo, ipo Shinkolobwe, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, na ambako wachimbaji wadogo waliendelea kuingia hata mgodi ulipofungwa. Ugonjwa uliothibitishwa zaidi kwa wachimbaji wa urani ni saratani ya mapafu, kutokana na kuvuta gesi ya redoni ndani ya mashimo. Urani yenyewe huumiza figo kama metali nzito. Kwa wanaoishi jirani, mambo ya kudai ni vipimo vya maji ya visima kabla na baada ya uchimbaji, vumbi kudhibitiwa, na mabaki ya mgodi kutojengewa nyumba.

Mionzi ya asili ya juu ni suala jingine. Kilima cha Mrima, Kwale, kina udongo wenye thoriamu. Kerala, India, kuna pwani ya namna hiyo, na watu karibu 70,000 walifuatiliwa huko. Matokeo ya 2009 hayakukuta saratani zaidi.

Vipi taa za kukaushia kucha, maikrowevu, na mashine za uwanja wa ndege?

Maikrowevu na Wi-Fi, hapana. Mashine za kukagua mwili uwanjani nyingi hutumia mawimbi dhaifu. Taa za kucha hutoa miale ya urujuanimno (UV, kama iliyo kwenye jua), kiasi kidogo. Ukienda mara kwa mara vaa glavu zilizokatwa ncha.

Kuna mionzi yoyote ambayo kweli inaua vijana hapa kwetu?

Ipo, na ni ya jua, kwa wenye ualbino. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila 1,400. Bila melanini, ile rangi ya ngozi inayokinga jua, miale ya urujuanimno huchoma ngozi tangu utotoni, na saratani ya ngozi huwapata katika umri ambao wengine ndiyo kwanza wanaanza maisha. Msichana anayeuza mboga juani bila kofia ya mapana yuko hatarini kuliko yeyote anayelala chini ya mnara. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kujikinga yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa ajili yao. Mafuta haya, kofia, mikono mirefu, kazi ya kivulini, na kidonda kisichopona kuonwa mapema: haya yanaokoa maisha, na hayagharimu hata sehemu ya bei ya mashine ya tiba.

Kama nina nguvu ya kufanya jambo moja tu, nifanye lipi?

Inategemea umri wako. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Rwanda ilianza kuitoa nchi nzima 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Utafiti wa Uswidi wa 2020 ulikuta waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na saratani ya shingo ya kizazi pungufu kwa asilimia 88. Uvumi kwamba inafunga uzazi hauna ushahidi. Kinachofunga uzazi ni saratani yenyewe na tiba yake.

Ukiwa umefika 30, pima shingo ya kizazi. Ukiwa unaishi na VVU anza ukiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yako ni mara sita. Kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye shingo ya kizazi ili doa lionekane, huchukua dakika chache, na doa likionekana mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Damu baada ya kujamiiana au katikati ya mwezi si ya kusubiri umri wowote.

Mama yangu alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 41, na dada yake pia. Nani anipime mionzi ya nyumba yetu?

Pole sana, mdogo wetu. Nyumba yenu iache. Wawili wa ukoo mmoja, wote wadogo, wanatuelekeza kwenye vinasaba, hasa BRCA1 na BRCA2, vinavyorithiwa kwa mama au kwa baba. Andika kwenye karatasi ndugu wote waliougua saratani ya titi au ya ovari, wa pande zote mbili, na umri wao wakati huo. Wanaume waandike pia. Ipeleke kliniki ya saratani ya hospitali ya rufaa na useme wazi kwamba unataka ushauri wa kurithi. Wewe hutakiwi kusubiri 40 kuanza kuchunguzwa, na kwa umri wako wanaweza kuchagua MRI au altrasaundi ili usipate mionzi kila mwaka. Mchukue na binamu yako, mtoto wa mama mdogo, maana linamhusu vile vile.